Nilimshtaki mwanangu kwa ushahidi wa gari

Nilikaa Dar es Salaam siku arobaini na tatu. Binti yangu alijifungua, na kwetu mama hamwachi mzazi mpaka arobaini itimie. Zile tatu za juu ni za kushindwa kumwacha mjukuu. Funguo za gari nilimwachia kijana wangu wa pili kwa masharti manne: usibebe abiria wa kulipa, usilifikishe Horohoro mpakani, usifungue muziki wa kutetemesha vioo, na usimpe rafiki usukani hata kama ana leseni ya kurusha ndege.

Jioni niliyorudi Tanga alinifuata stendi ya Kange. Nilikuwa nimechoka, basi lilisimama kila penye muuza machungwa. Niliona tu kwamba kila tukisimama kijana anagusagusa mafuta, vruum, vruum, nikasema moyoni, vijana na mbwembwe zao. Nikamwambia joto, awashe AC. Akanijibu, "Mama, upepo wa bahari ni mzuri zaidi." Tulikuwa bado Kange! Bahari iko wapi Kange? Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nawaza kuoga.

Asubuhi yake nikaingia mwenyewe. Gari lenyewe sitalitaja jina. Ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2004, CC 1300, otomatiki ya gia nne. Ukisimama barabarani hapa Tanga saa moja utayahesabu kumi, na baiskeli mia. Nikazungusha ufunguo. Likawaka, likatetemeka kama mwenye homa, likazima. Nikawasha tena, nikalishikilia kwa mafuta, likakubali kwa shingo upande. Kutoka Mikanjuni mpaka kibandani kwangu Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, lilinizimia mara tatu, moja mbele ya bajaji ambaye maneno yake siyaandiki hapa. Na kila likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili nilipata teke la mgongoni. Gari langu halikuwa hivyo. Gari langu lilikuwa likibadili gia kama mtu anayegeuza ukurasa wa msahafu.

Jirani yangu pale kibandani anauza vitenge, na hana jambo ambalo hana jibu lake. Aliniona nikishuka nimenuna. "Shoga, gari limeshamzoea kijana. Hizi za kisasa zina kompyuta, zinamsoma dereva. Sasa wewe halikutaki."

Nikaamini hapohapo, na sababu ninayo. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na saba sasa. Nina Singer ya kukanyaga niliyorithi kwa shangazi, nyeusi, maua yake ya dhahabu yameshafutika upande wa mkono wa kulia. Ile mashine inanijua. Mguu wangu wa kulia hutangulia na kisigino changu kizito, na chuma cha kukanyagia kimelika upande huohuo. Msichana wa kujifunza akiikalia siku mbili tu, mimi nikirudi naiona ngeni: mkanda umekaa vingine, uzi unakatika, gurudumu linarudi nyuma. Basi kama chuma kitupu kinaweza kuzoea mguu, itakuwaje chuma chenye kompyuta?

Usiku nikamweka kitako.

"Umelikimbiza gari wewe."

"Sijalikimbiza, mama."

"Gari lenyewe limeniambia. Limezoea mguu mzito. Ulikuwa unafanya mashindano Raskazone, sema."

Akaangalia sahani yake ya muhogo. "Mama, lipeleke kwa fundi kwanza."

Mtu asiye na hatia hukana kwa sauti, ndivyo ninavyojua mimi. Huyu alikana kwa kunong'ona, basi nikamhukumu. Wiki nzima, nikasema, funguo hugusi.

Fundi wangu yuko Makorora. Ni fundi rewaya, yaani wa umeme wa magari, na mikono yake ni misafi kupita ada ya mafundi, jambo ambalo mwanzo lilinitia shaka. Nikamweleza yote: mtetemo, kuzima, mateke, Raskazone. Akafungua boneti, akaweka mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, akaangalia tu.

"Betri hii imefungwa lini?"

"Betri ipi?"

"Hii mpya, mama. Hata nailoni ya juu haijatolewa."

Nikainama. Betri yangu ilikuwa na kofia ya njano. Hii ilikuwa na kofia nyekundu. Siku arobaini na tatu mtu anaondoka, anarudi anakuta gari lina moyo wa mtu mwingine.

Fundi akacheka, akaniletea stuli. Aliyonieleza pale nimeyapitia tena kwa siku kadhaa, mengine kwake, mengine kwa kusoma usiku kwa miwani, na nayaandika kwa sababu najua siko peke yangu niliyeambiwa "gari limekuzoea" nikaishia hapo.

Kompyuta ya gari, mafundi wetu huiita kontroboksi, inajifunza kweli. Hilo jirani yangu hakukosea. Alichokosea ni inajifunza nini.

Tuanze na kule kuzima. Hewa ikiingia kwenye injini hupita mlangoni, sahani ndogo ya duara inayofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiachia, sahani inafunga karibu yote, na kinachobaki ni upenyo mdogo tu wa hewa ya kuifanya injini ikorome ikisubiri. Gari likiwa hivyo, limewaka na limesimama, mafundi husema liko sailensi. Sasa miaka inapopita ule upenyo unashika masizi na mafuta, unaziba kidogokidogo, kama bomba la sinki. Kontroboksi inaona injini inaanza kushuka pumzi, basi inaongeza upenyo kidogo, inaandika. Mwezi ujao inaongeza tena, inaandika. Mimi dereva sioni kitu. Gari la mwaka 2004 lina masizi ya miaka yote hiyo, na kontroboksi ilikuwa imeshafanya hesabu yake na kuyazoea.

Hesabu ile ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme kidogo wa betri, usiku na mchana, hata gari likiwa limezimwa. Fungua waya wa betri kwa spana namba kumi, umefuta kila kitu. Magari mengi mapya zaidi huhifadhi baadhi ya mambo mahali pasipohitaji umeme, lakini la umri wa langu halina anasa hiyo. Kijana alipobadili betri, kontroboksi iliamka ikidhani ni siku ya kwanza kutoka kiwandani: mlango msafi, upenyo uleule wa kwenye kitabu. Injini ikanyimwa hewa. Ikazima.

Na AC? AC ni mzigo kwa injini. Injini ambayo tayari inapumua kwa shida, ukiibebesha AC inazimika palepale. Ndiyo habari ya upepo wa bahari wa Kange.

Hapo nilianza kusikia joto la aibu, lakini nikamuuliza fundi, na yale mateke ya gia? Yale si ya Raskazone?

Akaniambia ndani ya giaboksi ya otomatiki hakuna klachi moja ya mguu, kuna pakiti za sahani nyembamba zinazobanwa na mafuta kwa shinikizo. Kubadili gia ni kuachia pakiti moja na kubana nyingine, yote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sahani zikiwa mpya zinashika haraka, zikichakaa zinachelewa. Kompyuta ya giaboksi inapima mzunguko unaoingia na unaotoka, inaona leo imechukua muda mrefu kuliko inavyotaka, kesho inarekebisha shinikizo kidogo. Miaka inapita, inalingana na uchakavu wa sahani zake yenyewe, na abiria hasikii kitu. Futa ile kumbukumbu, inarudi kwenye shinikizo la siku ya kwanza, na sahani zile si za siku ya kwanza. Teke linatoka hapo.

Lakini kilichonikamata zaidi ni habari ya petroli, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe na mkasi wangu.

Petroli haiungui vizuri ovyoovyo. Gramu moja inataka hewa gramu 14.7. Kiwandani wameandika ramani: injini ikizunguka hivi na hewa ikiingia hivi, mwaga petroli hivi. Ramani ile ni moja kwa magari yote ya aina hiyo. Hiyo, nikamwambia fundi, ni patani. Mimi nina patani za sare za shule, saizi kwa saizi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye patani kama ilivyo. Mmoja bega limeshuka, mwingine ana tumbo la uji. Fundi akasema ndiyohiyo. Kwenye bomba la eksozi imepachikwa sensa ya oksijeni, pua ya kontroboksi, inanusa moshi. Moshi ukibaki na oksijeni nyingi, maana yake petroli ilikuwa pungufu, umeme wake unashuka karibu na volti 0.1. Petroli ikizidi, unapanda karibu na volti 0.9. Kontroboksi inacheza katikati hapo, inaongeza, inapunguza, mara kwa mara kila sekunde. Huko ndiko kumvalisha mteja na pini: unabana hapa, unaachia pale, na ukimvua pini zinatoka.

Kisha kuna daftari la pili, la muda mrefu. Kontroboksi ikiona kila siku inalazimika kuongeza asilimia tano mahali palepale, inaacha kuhangaika na pini, inaandika moja kwa moja: hapa, ongeza tano. Mimi nina daftari kama hilo. "Mama wa Duga, ongeza inchi moja nyonga, punguza bega." Akija tena simpimi upya. Na hili ndilo lililonitetemesha asubuhi: ile pua hainusi mpaka ipate moto. Gari likiwa baridi kontroboksi inakata kitambaa kwa kutegemea daftari peke yake. Na daftari langu lilikuwa jeupe.

Alichomeka mashine yake ya kupimia akanionyesha. (Kijana wangu aliwahi kununua kale kadude ka buluu ka kuchomeka na kusoma kwenye simu. Kaliingia vizuri kabisa, hakakusoma neno. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani wakati ule lina tundu lilelile la pini 16 lakini lugha yake ni nyingine. Marekani walilazimisha lugha moja kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, langu halikuzaliwa kuuzwa Marekani. Kadude kako droo ya vifungo mpaka leo.) Kwenye kioo, safu ya marekebisho ya muda mrefu ilikuwa sifuri kila mahali. "Unaona, mama? Mtoto mchanga."

Nikauliza swali langu, maana sikuja Makorora kwa ajili ya masizi. "Na mguu wangu? Hakuna mahali gari limeandika mguu wangu?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri. Akasema yapo magari yanayomtazama dereva. Porsche ya mwaka 1990 yenye giaboksi ya Tiptronic ilikuwa na mipango mitano ya kubadili gia, na kompyuta ikichagua kwa kutazama anavyokanyaga: mpole atabadilishiwa mapema, mwenye haraka atacheleweshewa gia ili injini ivute. Wengine wengi wakafuata. Ila nyingi kati ya hizo zinasoma mguu wa sasa, wa dakika hizi unazoendesha. Ni kama mimi ninavyomsoma mteja kwa anavyoingia mlangoni, ana haraka au anataka stori. Akitoka, nami nimeshasahau. Yapo pia ya siku hizi ambayo kila ufunguo una kiti chake na vioo vyake, lakini huko si kuzoea, huko ni kuandikiwa. "La kwako hili," akasema, "linalojua sana ni uzee wake."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Miaka yote nilidhani lile gari ni langu kwa vile linanijua, kumbe kumbukumbu yake karibu yote ilikuwa ya mwili wake lenyewe: masizi yake, sahani zake, pua yake iliyoanza kuzeeka. Mguu wangu ulikuwa humo, sikatai, lakini kwa kupitia uchakavu tu. Mtu anayeendesha taratibu safari fupifupi za Mikanjuni na Ngamiani, injini haipati moto wa kutosha, analiachia masizi zaidi kuliko anayekwenda Segera na kurudi. Kontroboksi haijui kuwa ni mimi. Inajua masizi.

Singer ya shangazi haina shida hii. Kisigino changu kimo ndani ya chuma, huwezi kukifungua kwa spana namba kumi.

Sasa tiba. Fundi alinishauri jambo ambalo nalipitisha kwenu bila malipo: kwa kuwa daftari limeshafutika, tusafishe mlango wa hewa leoleo, kabla gari halijaanza kujifunza uchafu upya. Akausafisha kwa dawa na kitambaa, maji meusi kama wino wa pweza yakatoka. Elfu ishirini. Kisha akaniambia liwashe, zima kila kitu, liache mpaka lipate moto, halafu washa taa, halafu AC, liache lijue mzigo. Baada ya hapo liendeshe tu. Usilikimbize, usilibembeleze, liendeshe kama unavyoendesha, kwa mwendo wa kila namna.

Jumapili nikaenda Muheza kwa visingizio vya machungwa. Mateke mpaka Pongwe. Baada ya Pongwe nikaanza kuyasubiri na yakawa yanakuja madogo, na kurudi ilikuwa moja tu, pale nilipotoka nyuma ya lori la mkonge. Ilipofika Jumatano giaboksi ilikuwa inageuza ukurasa tena. Sailensi imetulia. Lakini asubuhi, likiwa baridi, kile kitetemeshi bado kipo kwa mbali.

Nikarudi Makorora. Mashine ikachomekwa. Daftari limeanza kujaa: kwenye sailensi ongeza asilimia 14, kwenye mwendo wa mizunguko 2,500 ongeza 3.

Fundi akaguna. Mimi nikafurahi kwamba gari linajifunza, yeye akaguna. Akasema namba chini ya kumi, ya kuongeza au ya kupunguza, kila gari inayo. Kumi na nne ni gari linaloficha ugonjwa. Na kwa kuwa ni kubwa likiwa sailensi, ndogo likiwa mwendoni, basi ni hewa ya wizi: kuna tundu mahali, hewa inaingia bila kupita penye kipimo. Injini ikivuta hewa kidogo, tundu lile ni sehemu kubwa ya hewa yote, ikivuta nyingi, tundu ni kama tone. Akachukua dawa ya kusafishia kabureta, akawa anapuliza kidogokidogo kwenye mipira iliyo karibu na mlango wa hewa huku amelaza sikio. Kwenye mpira wa tatu injini ikabadili sauti. Mpira wa unene wa kidole, umepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Elfu kumi na tano na soda yangu.

Mpasuko ule haukuwa wa jana, kingo zake zilikuwa zimekakamaa na vumbi limegandia. Kwa maana hiyo nilikuwa naendesha gari bovu muda mrefu, na kontroboksi ilikuwa inanifichia. Ilinusa, ikaongeza, ikaandika, ikanyamaza. Taa ya cheki injini kwa magari mengi haiwaki mpaka nyongeza ifike ishirini na kitu. Mimi nilikuwa nalipa petroli ya ziada kila nikisimama na kusema gari langu ni zuri. Nawajua wanawake wa namna hiyo, lakini tuyaache.

Ukinunua gari la mkononi, kwa hiyo, mwambie fundi wako atazame hilo daftari. Akikuta sifuri tupu kwenye gari la miaka ishirini, muuzaji alifungua betri jana. Wako wanaofungua betri makusudi, taa ya injini inazimika, wanakuambia wametengeneza. Taa itarudi, ila wakati huo namba yake ya simu haipatikani.

Nilisoma pia asili ya ile pua. Nilidhani wameiweka ili gari lile petroli kidogo, au limstareheshe dereva. La. Bosch waliitengeneza, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo ya mwaka 1976, kwa sababu ya sheria za moshi za Marekani, California hasa. Yale masega ya kwenye eksozi, ambayo kwetu watu wanayang'oa na kuyauza, husafisha moshi sawasawa pale tu mchanganyiko wa hewa na petroli uwe barabara, ndipo pua ikahitajika, na pua ikahitaji kompyuta, na kompyuta ikaanza kuandika daftari. Hakuna aliyemfikiria dereva. Jirani yangu wa vitenge nilipomweleza hili alisema mimi nimeanza kusoma mambo ya kiume. Nikamuuliza zipu za sketi yake zimeshonwa na nani.

Limebaki la kijana.

Nilimsubiri mpaka amemaliza kula. Nikamwambia, niambie ya betri. Akaniangalia kama nimemtoa pepo. Kumbe usiku wa kuamkia siku niliyorudi aliacha taa ya ndani inawaka, asubuhi betri imelala. Akabusti kwa gari la jirani, halikukaa, betri ile ilikuwa imeshachoka. Akakopa, laki moja na ishirini, akafungwa mpya mchana uleule, mimi niko ndani ya basi. Tangu hapo gari likawa linazima, na akadhani ameliharibu yeye. Kwa hiyo kule kukana kwa kunong'ona kulikuwa na kitu ndani yake, ila si kile nilichokihukumu mimi.

"Raskazone hujaenda kabisa?"

"Nimekwenda, mama. Kuogelea. Nimeegesha."

Nikaenda chumbani nikatoa laki na ishirini ya sare za shule ya jirani, nikamwekea juu ya meza pamoja na funguo. Masharti manne yamebaki, nimeongeza la tano, taa ya ndani.

Wiki iliyofuata fundi alipima tena: sailensi 3, mwendo 2. Sikuwa na karatasi, nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, katikati ya bibi harusi wa Chumbageni na Mama wa Duga. Juzi kijana alikuwa ananisaidia kutafuta vipimo vya mteja, akafika hapo, akasimama. Akaniita.

"Mama, huyu mwenye kiuno inchi tatu ni nani?"